Kwa Talaso, Kuhusu Diima na Kisu Changu

Mwanangu Talaso,

Salaam aleikum. Anayeandika ni mimi baba yako Galgalo, miaka sabini na tisa kwa hesabu ya kitambulisho, themanini na mbili kwa hesabu ya mama yangu, na mama yangu alijua zaidi kwa sababu siku hiyo alikuwepo. Nimeiona sotoka ikija kwa ng'ombe za baba yangu na nimeiona ikiondoka duniani, mimi niko. Nimepita vita vya shifta nikiwa kijana wa kuchunga. Nimepita ukame ambao ngamia walitafuna kamba walizofungwa nazo. Nimewapita machifu sita, wote wadogo kwangu. Nimempita mama yenu mkubwa, mke wangu wa kwanza, Mungu amrehemu. Chui aliyenishika bega hili la kushoto, yeye alikufa, mimi niko.

Sikuambii haya kwa kujisifu. Basi, kidogo ni kwa kujisifu.

Naandika kwa mkono wangu, na kalamu yako, kwa daftari lako la hesabu, zile kurasa ulizobakisha nyuma. Ngumbaru, ile shule ya watu wazima, nilisoma miezi saba tu, mwalimu akasema nimehitimu, au labda alichoka na mimi. Kwa hivyo soma polepole. Pahali nimekata neno usijaribu kuona nilikuwa nataka kusema nini.

Mambo ya blanketi, sabuni, kufuli ya sanduku na wavulana wa chuo, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na bado anasema, namsikia huko jikoni akiongea na sufuria. Hayo mimi nayapita. Mimi nina jambo moja.

Leo asubuhi nilikuwa nimekaa kwa kigoda changu na chai yangu. Ukaja ukasimama mbele yangu kama askari. Ukasema, "Baba, Diima akishikwa na hii homa, utamchinja?"

Nikasema, "Nenda upange nguo zako."

"Nimepanga. Utamchinja?"

"Chai hii haina sukari."

"Baba, niapie kwamba hutamwekea kisu. Ukikataa mimi kesho siendi. Basi liende na kiti changu kitupu."

Nikanywa chai yangu. Ukaningoja, kisha ukafunga leso yako ukaenda kuaga majirani. Na mimi nakujua. Mwaka mzima umengoja nafasi ya kusomea ufundi wa stima huko Nyeri, umeandika barua mpaka wino umeisha, na ukisema utaiacha kwa ajili ya mbuzi, utaiacha. Mimi pia ningeiacha. Hiyo ndiyo shida yangu na wewe, nimezaa mtu kama mimi.

Jibu lako liko ndani ya barua hii, lakini limekaa mbali. Itabidi utembee na mimi.

Kwanza ujue mahali unaponiacha. Karantini ya hii homa ya mifugo imeingia mwezi wa pili. Soko la mifugo lina mnyororo langoni. Buchari zote zimefungwa, hata ile ya mjomba wako ambaye hajawahi kufunga hata siku ya mazishi. Nyuma yetu laga, huu mto wetu wa mvua, imejaa maji na haishuki. Mbele yetu, barabarani, kuna kizuizi cha polisi, hakuna mnyama kutoka wala kuingia. Kaka zako wako na ngamia kule Sericho, wao hawawezi kuja, mimi siwezi kwenda. Na jioni ikifika, mbu wanatoka kwa majani ya laga kwa mlio mmoja, ndipo wewe unatufungia ndani, umenitia mimi ndani ya neti na Diima ndani ya neti nyingine, ile uliyoshona kwa kuunganisha neti mbili za zahanati. Watu wamecheka mpaka wamechoka. Yule kijana wa kuuza maji alipita akapiga kelele, "Mzee Galgalo, mbuzi yako inalala kwa neti, sasa bado kumnunulia godoro!" Nikamtupia kiatu. Lakini ukweli ni kwamba godoro alishalalia, lako, tangu ile siku ya ukame ulipomleta ndani ya sweta ya shule, mama yake amekufa, ukamnyonyesha kwa chupa ya soda. Nilikuambia huyo hataona Ijumaa. Ameona Ijumaa nyingi kuliko nilivyotaka, na daftari zangu mbili za ngumbaru amekula.

Sisi Waborana, ugonjwa ukija, dawa yetu ni moja, tunahama. Baba yangu akisikia ng'ombe amekohoa ng'ambo ya kilima, kesho yake boma lake ni majivu tu na mavi. Hakupigana na ugonjwa. Aliuachia mahali. Hiyo ndiyo elimu niliyopewa, na niliishika vizuri kuliko kaka zangu wote, muulize yeyote. Sasa mimi nimeambiwa nikae. Nikae ndani ya uzio, na maji nyuma na polisi mbele, ningoje kuona kama itaingia. Miguu yangu inaniuma kwa kutokwenda. Naamka nazunguka uzio mara kumi kabla ya chai, mpaka mama yako ananiuliza kama nimepoteza kitu.

Ndiyo maana nilifanya lile la Ijumaa iliyopita, ambalo ulilisikia kwa watu na mimi nikakataa. Sasa sikatai. Baada ya sala nilimwita yule mtu wa bodaboda asiyeuliza maswali, nikamvika Diima leso ya mama yako, ile ya maua, nikampakata katikati yangu na dereva, twende Ngaremara kwa shangazi yako ambako ni pakavu. Tulifika kizuizini. Yule polisi akainama akaangalia. Akasema, "Mzee, huyu bibi yako ameota pembe lini?"

Nikamwambia, "Heshimu wazee."

Diima akamjibu mwenyewe, meee, na leso ikaanguka. Polisi walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikakiri nampeleka Ngaremara kwa dada yangu. Yule mkubwa wao akaacha kucheka, akaniambia taratibu, "Mzee wangu, ukipeleka hii mbuzi Ngaremara, na kama iko na hiyo kitu kwa damu, mbu ya Ngaremara itaichukua hapo. Unataka dada yako akuambie asante?" Nikageuza. Nilikuwa na hasira, nikafikiri namkasirikia yule polisi.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mkutano, na wewe hukuwepo, ulikuwa umeenda kufuata barua yako ya chuo. Nikueleze, kwa sababu nilifanya jambo baya pale na hakuna aliyeliona.

Chifu alituita chini ya banda la soko. Akaja daktari wa mifugo, binti mwembamba wa Kiturkana, na buti za mpira zinazompita magoti. Watu walikuja na maswali ya wanyama wao, na si wa kundi, makundi yako mbali. Ni wale wa nyumbani, wenye majina. Wa kwanza alikuwa Mama Kendi wa miraa. Akasimama akasema, "Daktari, mimi ni Mmeru wa town, sina kondoo, sina mbuzi. Niko na Bosco peke yake. Bosco ni mbwa. Sasa mbu ikimuuma Bosco?"

"Bosco ni mkubwa?"

"Ni mkubwa kuliko mume wangu."

"Mbwa mkubwa mara nyingi haitaugua uone. Ni vitoto vichanga vya mbwa ndivyo viko na hatari. Anakula nini?"

"Ugali. Na kile anaokota."

"Anaokota nini?"

Mama Kendi akaangalia chini, yeye ambaye hajawahi kuangalia chini. "Juzi alikuja na kitu kwa mdomo. Kama katoto ka kondoo. Haina manyoya."

Kila mchungaji pale alijua maana yake. Mahali fulani karibu na sisi, kondoo ametupa mimba, na mwenyewe ameitupa kichakani bila kusema. Daktari akamwambia Mama Kendi amfunge Bosco, asimshike mdomo na mkono mtupu, na aonyeshe mahali. Kisha Hajja Habiba akauliza ya paka wake, aliyezaa watano nyuma ya kabati, kama awatoe nje. Daktari akasema asiwatoe, awaweke ndani, dirisha lifungwe jioni, na asiwape maziwa mabichi.

Hajja akasema, "Maziwa mabichi mimi mwenyewe nakunywa miaka sabini."

"Basi, Hajja, chemsha yako na ya paka, sufuria moja."

Watu wakacheka, na mimi nikaona nafasi yangu imefika. Nikasimama. Nikamwambia, "Wewe binti, mimi nilianza kuzalisha mbuzi kabla baba yako hajaota meno."

Akasema, "Sawa mzee. Na ulikuwa unazalisha na nini?"

"Na mikono yangu hii."

"Hiyo mikono ndiyo nimekuja kuongea nayo."

Wakapiga makofi kwa ajili yake. Mimi sijazoea makofi yaende upande mwingine. Akaendelea kueleza. Akasema mbu hao mayai yao hukaa kwa udongo wa mabondeni miaka na miaka, makavu, hakuna anayeyaona, yakingoja mvua kubwa tu. Mvua ikija wanatoka, na wengine wanatoka na ugonjwa tayari ndani yao. Akasema mbu anampa mnyama, na mtu anaweza kuumwa na mbu pia, lakini watu wetu wengi huupata kwa mikono, kwa damu, kwa mimba iliyotoka, kwa kuchuna. Akasema mnyama akilala chini, msiwahi kisu.

Wewe umekulia humu unajua kuwahi kisu ni nini, lakini huko uendako hawatajua, kwa hivyo utawaeleza. Mnyama akifa mwenyewe ni nyamafu, ni haramu, hata mbwa unaona aibu kumpa. Kwa hivyo mchungaji mzuri anamwangalia mgonjwa kwa jicho moja na kisu kwa jicho lingine. Akiona roho inataka kutoka, anaiwahi. Anamgeuza kibla, bismillahi, amekuwa nyama. Mwenye kuacha mbuzi wake afe bila kisu ni mvivu au amelala. Nilifundishwa hivyo nikiwa na miaka saba na mimi kwa kuwahi kisu hakuna aliyenishinda kutoka hapa mpaka Oldonyiro.

Basi nikasimama tena. Nikasema kwa sauti, "Wakati wa mvua ya Elnino kondoo zangu zilianguka kumi na moja siku moja. Niliwahi zote. Damu mpaka hapa kwa viwiko. Nikala ini. Na mimi niko hapa. Huo ugonjwa uliniona ukapita mbali!"

Wakapiga makofi sasa, wazee hasa. Yule binti hakucheka wala hakukasirika. Aliniangalia akauliza, "Mzee, siku hiyo ulikuwa peke yako?"

Nikasema, "Peke yangu."

Talaso, sikuwa peke yangu.

Unajua ulikuwa na baba mdogo aitwaye Boru, na unajua mama yako alikuwa mke wake kabla ya kuwa wangu. Hiyo kila mtu anajua, ndiyo desturi yetu, ndugu akifa mjane wake haachwi nje. Uliambiwa Boru alikufa kwa malaria. Ni mimi niliyekuambia. Na waliokuambia wengine, mimi ndiye niliyewaambia wao.

Tulikuwa juu ya kilima kidogo upande wa Sericho, maji pande zote, kama tulivyo sasa. Boru alikuwa na kama miaka thelathini, ameoa mwaka huo huo. Alikuwa mtu wa kupiga mluzi. Alipiga mluzi akikamua, alipiga mluzi akitawadha mpaka baba anamkemea. Kondoo walianza kutupa mimba, kwanza mmoja, kisha wote, asubuhi unakuta vitoto vimelala kwa matope kama nguo zilizoanguka kutoka kwa kamba. Ikaja helikopta ya serikali na unga. Watu walioshuka walikuwa wamefunika mikono na midomo. Wakatuambia neno lile lile la huyu binti, msiguse damu, msichinje mgonjwa. Wakaondoka. Mimi nikacheka. Nikasema watu wanaogopa kondoo watatufundisha kondoo?

Kesho yake kumi na mmoja wakalala chini. Nikachukua kisu. Boru akasimama kando, mikono nyuma. Mimi kwetu ni angafa, kifungua mimba, na angafa akisema, wadogo hufanya. Boru aliniambia, "Angafa, wale watu walisema tusiguse."

Nikamwambia, "Wewe ni mwanamume au ni karani? Shika miguu."

Akashika miguu. Wa kumi na moja alipiga teke, damu ikamrukia machoni, akajipangusa kwa mkono, hapa juu karibu na bega, akacheka. Alichuna na mimi mpaka jua likainama. Mimi pia nilikuwa na damu kila mahali, kama nilivyosema pale bandani. Hiyo si uongo. Siku ya nne Boru alisema kichwa kinauma. Siku ya sita alisema, "Angafa, mbona kuna moshi," na hakukuwa na moshi, ni macho yake. Kisha damu kwa fizi. Siku ya nane tulimzika, na kaburi lilikuwa linaingia maji tukichimba, tukaweka mawe chini kwanza ndipo yeye.

Baba yangu akauliza ni nini. Nikasema malaria. Wakati huo malaria ilikuwa inaua kila boma, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Nikaisema kwa baba, nikaisema kwa wazee, nikaisema kwa mama yako akiwa kwenye eda. Nimeisema mara nyingi mpaka siku zingine mimi mwenyewe naona malaria.

Mimi sikuumwa hata kichwa. Sijui kwa nini. Nimeuliza usiku na mchana, na miaka yote nimejibu kwamba ni kwa sababu mimi ni mtu mgumu. Ile hadithi ya kondoo kumi na moja nimeisimulia harusini, nimeisimulia kwa ngumbaru, wewe umeisikia ukiwa kwa goti langu ukanishika kidole ukasema baba yangu haogopi. Kila nikiisimulia namtoa Boru nje ya hadithi ili mimi nibaki mkubwa. Nimekaa ndani ya hadithi hiyo miaka mingi kuliko umri wako na sijajua mlango wake uko wapi. Ukimwambia mtu kila siku kwamba ugonjwa ulikuogopa, huwezi tena kusema mnyama mgonjwa nimwache. Kisu kinakuwa ni lazima. Ndiyo sababu asubuhi sikukujibu. Nikisema sitachinja, maana yake ningeweza kutochinja siku ile.

Sasa nifike leo adhuhuri, na hapa nataka ukae chini.

Ulipokuwa kwa Hajja, nilienda kumwona Diima. Hakula. Majani ya asubuhi yako pale pale. Alikuwa amelala, pua ina maji mazito, tumbo lile lenye mimba linapanda na kushuka haraka. Nikamwita, hakugeuka, yeye ambaye akisikia mfuko wa karatasi anatoka mbio. Miguu ya nyuma ilikuwa inatetemeka.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kiunoni. Nakuambia kama ilivyokuwa. Nilipiga goti, nikainua neti yako, nikamshika taya, nikamgeuza kibla. Nilikuwa nafikiria neno moja tu, wahi. Sikukufikiria wewe. Sikumfikiria Boru. Miaka themanini ilikuwa kwa huo mkono.

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Hakupiga kelele. Alisema, "Boru alikuambia."

Basi. Hayo maneno mawili tu, kisha akarudi kwa sufuria yake.

Nilibaki pale na goti langu chini. Siku ile ya kilima mama yako alikuwa ndani ya hema la ngozi, hatua tatu kutoka kwetu, nilidhani amelala. Amejua. Aliingia kwa nyumba yangu akijua, amenipikia akijua, amekuzaa wewe akijua, na kila niliposimulia hadithi yangu mbele ya wageni alikuwa anaongeza chai. Mimi niliyedhani nimewashinda wote sikuwa nimemshinda hata mtu mmoja wa nyumba yangu. Nilitaka kwenda jikoni nimwambie kitu. Nikafika mlangoni nikauliza kama chumvi ipo. Akasema ipo.

Kisha nikachukua simu yangu ya kabambe nikampigia yule binti daktari. Unajua mimi simpigii mtu kuomba. Nikamwambia, "Ni mimi yule mzee wa mikono." Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akaniambia Diima akae peke yake, hiyo neti uliyoshona ibaki, nisimguse, mimba ikitoka nisiiguse, mbwa wafukuzwe. Akaniambia ninawe na sabuni, nimenawa mara tatu mpaka ngozi inawasha. Nikishikwa na homa wiki hii niende hospitali mara moja, niwaambie nilishika mbuzi, nisiwaambie ni malaria. Atakuja kesho saa tatu kuchukua damu. Amesema inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa kitu kingine, mbuzi wana magonjwa mengi. Chanjo sasa haimsaidii aliyekwisha kuugua. Nimemwuliza mara mbili.

Na basi lako ni saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajafika.

Hapo ndipo nimefungwa tangu adhuhuri, ndiyo maana naandika mpaka vidole vimekakamaa. Nikikuficha, utaenda, utapanda gari na moyo mwepesi, na mimi nitakuwa nimefanya tena lile nililofanya kwa baba yangu na wazee. Nikikuambia, utavua viatu ukae karibu na mbuzi, mwaka wako upotee, na wewe ni wa kuingia ndani ya neti hiyo na kumpakata, nakujua. Nimezunguka uzio. Hakuna upande wa tatu.

Kwa hivyo nimechagua. Barua hii sitaipa dereva wala sitaiweka chini ya sanduku. Nitakupa mkononi kabla ya magharibi, uisome hapa hapa, na uamue ukijua. Boru hakuamua. Mimi niliamua na yeye akashika miguu. Wewe sikuambii uende na sikuambii ukae, ingawa ulimi unaniuma kwa kutaka kuamuru. Nitakuambia tu ninachotaka, kama mtu anavyomwambia mwenzake. Nataka uende. Ukibaki hutamponya, na ukimgusa nitakuwa nimewaweka wawili kwa mawe ya kaburi.

Na jibu lako ni hili. Wallahi, kwa Mungu aliyeniacha hai bila kuniambia sababu, Diima sitamwekea kisu. Akipona atapona mwenyewe. Akifa atakufa mbele yangu, mikono yangu ikiwa magotini, na atazikwa nzima na ngozi yake, shimo refu na chokaa juu, na vijana wapite waseme Galgalo amekuwa mvivu, amelala, mbuzi wake amekuwa nyamafu. Waseme. Hilo kwangu ni gumu kuliko chui. Kisu nimempa mama yako saa tisa leo. Alikipokea kwa ncha ya leso, akakitia ndani ya maji yanayochemka.

Ukitaka kujua kama nayasema sawasawa, mashahidi wapo. Ya bandani muulize Mama Kendi, alikuwa safu ya mbele na anakumbuka kila kitu isipokuwa makosa yake. Ya simu na ya mbuzi, daktari ana kitabu chake na ameniandika. Ya Boru, waliokuwa kilimani wamekwisha, baba, wazee, wote, amebaki mmoja aliyesikia nilichoambiwa na nilichojibu. Yuko jikoni. Nenda ukamuulize sasa, kabla hujaamua, na umwambie baba amesema aseme yote, hata yale ambayo mimi sikuandika.

Baba yako,
Galgalo